Uzi: Wajukuu husema nini hasa wanapovaa masweta tunayowafumia?

Mwanzisha uzi, Njombe

Wanajukwaa, nawasalimu nyote, na wakubwa wangu shikamooni. Ninaanzisha uzi huu kwa ajili yetu tunaofuma masweta ya wajukuu kwa mikono, na pia kwa ajili ya wajukuu wenyewe na wazazi wao, kwa sababu jambo ninaloliuliza haliwezi kujibiwa na upande mmoja. Ninataka tuzungumzie kile mtoto anachosema, au anachofanya, anapovishwa sweta kwa mara ya kwanza, kabla mama yake hajamkumbusha kushukuru.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini sweta si pambo. Kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi za Njombe na Makete huwa na baridi kali, na uwanda wa Kitulo, ulio juu ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, hupata hata jalidi. Mtoto huondoka nyumbani alfajiri akiwa na sweta, hulivua saa nne jua likipanda, hulifunga kiunoni, kisha hulivaa tena jioni. Kwa hiyo sweta asilolipenda hujulikana upesi: ndilo linalosahauliwa darasani, ndilo linalokaliwa kwenye benchi, ndilo analopewa mdogo wake hata kabla halijambana. Mimi huyahesabu hayo yote kuwa ni majibu, na ninayathamini kuliko "asante bibi" inayosemwa mlangoni huku mzazi amesimama nyuma.

Kwetu mjukuu na bibi ni watani. Wa kiume huniita mke wake, wa kike huniita mke mwenzake, na ndani ya utani huo mna ruhusa ambayo mtoto hana mbele ya baba na mama yake. Mjukuu wangu aliye darasa la pili alipojaribu sweta la kahawia nililomfumia kwa sufu, alisema mbele ya wageni: "Mke wangu, hili lina miiba shingoni. Nimekuwa kama mbuzi aliyefungwa kamba mpya." Mama yake alimkaripia papo hapo. Nilimwomba amwache aseme, kwa sababu mtoto alikuwa ameniambia mahali hasa panapomuwasha na kwamba mwili na mikono havikuwa na tatizo lolote. Dada yake mdogo hakusema neno. Alivuta mikono ya sweta lake mpaka ikafunika vidole vyote, akaenda nalo kulala, na asubuhi akakataa kulivua ili aogeshwe. Sikuhitaji ufafanuzi zaidi.

Msimamo wangu ni kwamba ukweli wa mtoto kuhusu sweta hauvunji heshima hata kidogo, na kwamba sisi wazee ndio wenye wajibu wa kuulinda usinyamazishwe. Je, nyumbani kwenu wajukuu wana ruhusa hiyo? Na majibu yao yamewafundisha nini kuhusu uzi, shingo, rangi na vipimo?

Fundi wa masweta, Nakuru

Mama, nakushukuru kwa kufungua mjadala huu. Mimi hufuma kwa mashine masweta ya shule, lakini ya wajukuu wangu hufuma kwa sindano mbili, nikiwa nimeketi. Naomba nianze na hiyo miiba, kwa maana kijana alisema jambo la kweli kabisa.

Watu wengi hudhani mtoto anayelalamika kuwashwa ana mzio wa sufu au anadeka. Kwa kawaida si hivyo. Kila unywele wa kondoo una unene wake, na unene huo hupimwa kwa maikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Ncha ya unywele mwembamba ikigusa ngozi hupinda, lakini ncha iliyo nene kupita maikroni 30 hivi haipindi kwa urahisi; hubaki imesimama na kusukuma neva zilizo karibu na uso wa ngozi. Hata zikiwa nyuzi chache tu kati ya mia zenye unene huo, mtu atahisi anachomwachomwa. Sufu ya merino, aina ya kondoo wenye manyoya membamba, huwa chini ya maikroni 24 hivi, na ndiyo maana hutulia mwilini. Ile ya Corriedale, kondoo wanaofugwa hata hapa kwetu Bonde la Ufa, huanzia kama 25 na kupita 30, kwa hiyo robota moja linaweza kuwa laini na la pili likachoma ingawa yote mawili yametoka kwa mfugaji yuleyule. Shingo huwa ya kwanza kulalamika kwa sababu ngozi yake ni nyororo, na sehemu nyingine za mwili zimekingwa na shati.

Ushauri wangu ni huu. Kabla ya kuanza sweta, fuma kipande cha majaribio cha sentimita 10 kwa 10, kioshe kama utakavyoosha sweta lenyewe, kisha mpe mjukuu akiweke ndani ya kola ya shati lake akiendelea na michezo yake ya mchana. Usimuulize kitu. Kama kipande kimerudi jioni kikiwa bado kolani, uzi huo unafaa. Kama amekitupa njiani, umepata jibu kabla hujatumia fedha zako zote. Kipande hichohicho kitakuonyesha pia ni vitanzi vingapi vinaingia katika sentimita 10, na bila hesabu hiyo vipimo vya kifua vinabaki kuwa vya kubahatisha.

Kwa sweta la kahawia ambalo tayari limekamilika, usilifumue. Shona utepe wa pamba laini upande wa ndani wa shingo, au fumua shingo peke yake na uifume upya kwa uzi wa pamba wa rangi ileile.

Mama wa watoto wawili, Dar es Salaam

Shikamoo bibi, shikamoo fundi. Ninaandika nikiwa mzazi aliyesimama katikati, kwa kuwa mimi ndiye ninayepokea mzigo kutoka kwa mama yangu Lushoto, na mimi ndiye ninayepiga picha ya watoto wakiwa wamelivaa ili apelekewe.

Mama yangu hufuma kwa upendo mkubwa, masweta mazito ya kuzuia ukungu wa Usambara, nasi tunaishi mahali ambapo Januari joto hupita nyuzi 30 mchana na usiku watoto hulala bila shuka. Mwanangu wa kwanza alipovishwa sweta la mwisho alisema, "Mama, piga picha haraka nivue, nisije nikazimia." Nilicheka, nikapiga picha, na kwenye simu nikamwambia bibi yake kwamba amelipenda sana. Tangu niliposoma uzi huu najiuliza kama nimekuwa nikimlinda mama yangu au nikimnyima taarifa anayoihitaji. Anafuma usiku, macho yake si ya zamani, na sufu inamgharimu. Je, ingekuwa wewe, bibi, ungependa kuambiwa?

Mwanzisha uzi, Njombe

Mwanangu, marahaba. Ningependa kuambiwa, tena na mtoto mwenyewe, kwa sauti yake, si kwa kupitia kwako. Mpe simu amtanie bibi yake: "Mke wangu, umenitumia sweta la Lushoto, nalo lataka liende kwao." Mama yako atacheka, ataelewa, na pengine atauliza swali ambalo hajawahi kuliuliza, kwamba huko mtoto huona baridi lini. Hata pwani kuna jibu la swali hilo: mabasi ya mikoani yenye kiyoyozi, ofisi unazompeleka, mvua za masika, usiku wa Julai wenye upepo wa kusi. Kwa mambo hayo kinahitajika kizibao chepesi cha pamba kisicho na mikono, ambacho pia hufumwa kwa muda mfupi na hakichoshi macho.

Masweta mazito yasitupwe wala yasigawiwe. Yabaki Lushoto, katika kasha la bibi, yakiwasubiri wajukuu waje likizo ya katikati ya mwaka, wakati ambao Usambara ndiyo yenye baridi. Mtoto akifika akakuta sweta lake limekunjwa kwa jina lake, atalivaa siku hiyohiyo bila kubembelezwa, kwa sababu atakuwa amelikuta mahali linapohitajika.

Mwalimu mstaafu, Moshi

Ninawapongeza wote. Kwa kuwa nilifundisha saikolojia ya watoto katika chuo cha ualimu, naomba nitaje tafiti mbili zinazogusa swali hili moja kwa moja.

Mwaka 1984 mtafiti Carolyn Saarni wa Marekani alichapisha utafiti ambao watoto wa shule ya msingi, wa kati ya umri wa miaka 6 hadi 11 hivi, walipewa zawadi isiyolingana na umri wao, kitu cha kuchezea cha mtoto mchanga, huku nyuso zao zikitazamwa. Wadogo, hasa wavulana, walionyesha kutoridhika waziwazi. Kadiri umri ulivyopanda, ndivyo tabasamu lilivyozidi kuficha yaliyo moyoni. Mwaka 2007 Victoria Talwar na wenzake nchini Kanada waliwapa watoto wa miaka 3 hadi 11 zawadi iliyofungwa vizuri, na ndani mlikuwa na kipande cha sabuni. Wengi wao walimwambia aliyewapa kwamba wameipenda, na waliosema hivyo walikuwa wengi zaidi miongoni mwa wakubwa na miongoni mwa wale ambao wazazi wao waliwahimiza wawe na adabu.

Maana yake kwetu ni kwamba mjukuu wa miaka 4 na mjukuu wa miaka 10 hawawezi kuulizwa kwa namna moja. Mdogo atakupa ukweli bila kuombwa. Mkubwa amekwisha kujifunza kuulinda moyo wako, na jambo hilo ni tunda la malezi mema ambalo hatupaswi kulilaumu. Kwake yeye swali "umelipenda?" lina jibu moja tu linalowezekana. Muulize badala yake mambo ambayo jibu lolote ni la heshima: mkono uongezwe au upunguzwe, shingo iwe ya vifungo au ya mviringo, kati ya nyuzi hizi mbili upi ufumwe kwanza. Hapo atasema kweli bila kuona kwamba amekukosea.

Nakubaliana na mwanzisha uzi kuhusu utani, isipokuwa nitaongeza kwamba siku hizi watoto wengi wa mijini hawakulelewa katika utani huo. Hawaonani na bibi zao mara kwa mara, na wanawaogopa kama wageni. Kwao ruhusa hiyo inabidi itamkwe.

Mzazi, Arusha

Mwanangu ana usonji na hazungumzi. Naomba niandike kwa urefu kidogo kwa sababu mama mkwe wangu amefanya jambo ambalo sijaona likitajwa.

Kwa mtoto kama wangu, mshono mmoja wa begani unaweza kuharibu siku nzima. Anaweza kulia, kujikuna, au kuvua kila kitu alichovaa, na mtu asiyemjua atasema ni ukaidi. Arusha Julai ni baridi, na kwa muda mrefu tulihangaika kwa kumvika fulana mbili na blanketi. Mama mkwe alikuja kukaa nasi, na kabla ya kushika sindano alimtazama tu. Aliona kwamba mtoto hupenda kusugua shavu kwenye taulo moja kuukuu la pamba, na kwamba nguo zote anazozikubali amezivaa upande wa ndani ukiwa nje, yaani mishono isimguse. Ndipo akafuma sweta la uzi wa pamba, kwa mzunguko, kwa sindano ndefu iliyounganishwa na waya, kuanzia shingoni kushuka chini, ili pasiwepo mshono wa ubavuni wala wa begani. Ncha zote za nyuzi alizichomekea upande wa nje, wala hazionekani usipozitafuta.

Hakumvisha. Alilitandika kitandani kwa mtoto likakaa hapo. Baada ya muda tulimkuta amelikumbatia, kisha siku nyingine amelivaa kichwani, na hatimaye amelivaa mwilini. Hilo lilikuwa jibu lake, na mama mkwe alilisubiri kwa subira ambayo mimi mwenyewe sina. Ninawaomba mabibi wenye wajukuu wasiosema mjue kwamba nao wanajibu. Mkono unaovuta shingo ya nguo, kichwa kinachogeuka, mtoto anayelala akiwa nalo, yote hayo ni maneno.

Nyanya, Limuru

Hamjambo. Mimi nafuma tangu msichana, na hapa Limuru, kwenye mita 2,200 hivi, kazi haikosekani. Nataka kuongeza mambo mawili ambayo wajukuu wangu wamenieleza bila kunionea haya.

La kwanza ni kichwa. Kilio cha kwanza cha mtoto mchanga anapovishwa sweta hakitokani na uzi, kinatokana na shingo isiyopita kichwani. Kichwa cha mtoto wa mwaka 1 huwa na mzunguko wa karibu sentimita 46, na cha mtoto wa miaka 5 ni kama 51, kwa hiyo kichwa cha mtoto mdogo ni kikubwa sana ukikilinganisha na mwili wake. Fungeni vitanzi vya mwisho vya shingo kwa kulegeza, au wekeni vifungo viwili begani. Vifungo hivyo vishonwe kwa nguvu, maana mtoto huvitia mdomoni. Kamba za kufunga shingoni msiweke kabisa. Na kwa mtoto mchanga epukeni mitindo yenye matundu matundu, kwa sababu vidole vyake vidogo hunasa humo, na uzi uliolegea ndani unaweza kujizungusha kwenye kidole na kukibana damu.

La pili ni rangi. Mjukuu akifika miaka 11 au 12 anaacha kusema juu ya kuwashwa, anaanza kusema juu ya wenzake. Mmoja wa wangu aliniambia, "Shosho, ni la joto na ni zuri, lakini siwezi kuvaa vitu vya wanyama kifuani." Nilikuwa nimemfumia twiga. Nilimuuliza angependa nini, akachora kwenye daftari mistari miwili ya buluu mkononi, basi. Lile la twiga linavaliwa na binamu yake mdogo, ambaye analipenda mno. Na la shule ni habari nyingine: shule nyingi zinataka rangi kamili, na kuna mjukuu aliyerudishwa langoni kwa sababu kijani chake kilikuwa chepesi kidogo kuliko cha wenzake. Mtoto alilia njia nzima. Tangu hapo nabeba kipande cha sweta la shule hadi dukani, nakilinganisha na uzi nikiwa nje juani, si chini ya taa.

Mjukuu, Minnesota, Marekani

Shikamooni nyote. Ninaandika kutoka upande wa wanaovaa. Bibi yangu wa Mufindi aliposikia kwamba huku baridi ya Januari hushuka chini ya nyuzi 20 za hasi, alifuma sweta nene kuliko yote aliyopata kufuma, akalituma kwa mtu aliyekuwa anasafiri.

Nilimpigia simu na kumweleza kweli yote. Nyumba za huku hupashwa joto usiku na mchana, na mtu anayekaa ndani na sweta kama lile hutokwa jasho. Nje nako sweta peke yake halitoshi, kwa sababu upepo hupenya katika vitanzi, na likivaliwa ndani ya koti mikono minene haikunjiki. Aliuliza maswali mengi kuliko nilivyotarajia: koti lina upana gani, ndani huvaliwa nini, nguo hufuliwaje. Nilimwambia hufuliwa kwa mashine na kukaushwa kwa mashine yenye joto. Alinyamaza kidogo, kisha akasema basi sufu haifai huko. Alikuwa sahihi. Unywele wa sufu una magamba madogo, na ukitikiswa ndani ya maji ya moto magamba hayo hushikana na kukaza, nguo ikarudi hadi ikamfaa mtoto, wala haifunguki tena.

Alichonitumia baadaye ni sweta jembamba la akriliki, yaani uzi wa kiwandani usiotokana na mnyama, lenye shingo inayofungwa kwa vifungo hadi kifuani. Hilo ninalivaa ndani ya koti kila siku ya baridi. Lile nene ninaliosha kwa mkono, kwa maji baridi, ninalikausha likiwa limelazwa juu ya taulo, na ninalivaa ninapokesha nikisoma. Binti yangu mdogo huliingia pamoja nami, kichwa chake kikitokea shingoni chini ya kidevu changu, na amekwisha kuniagiza nimwambie bibi amfumie la kwake lenye mifuko.

Mwanzisha uzi, Njombe

Nimesoma yote kwa makini, na ninawashukuru kwa kuandika kwa moyo. Fundi, kipande cha ndani ya kola nitakianza kesho. Nina nyuzi mbili ambazo nilikuwa sijaamua kati yake. Mzazi wa Arusha, tafadhali mfikishie mama mkwe wako salamu zangu za heshima, na umuulize kama anaweza kueleza hapa alivyozificha zile ncha upande wa nje zisifumuke, kwa sababu nina jirani mwenye mjukuu wa aina hiyo.

Mwalimu, hilo la kuutamka utani kwa watoto wa mjini nimelichukua. Wajukuu wangu wa Dodoma wanakuja mwezi wa sita, na siku ya kwanza nitawaeleza wazi kwamba katika nyumba hii sweta husemwa ubaya wake kwanza.

Wanaouliza jinsi ya kufuma sweta litakalodumu zaidi ya msimu mmoja, jibu langu ni hilohilo la kuanzia shingoni. Mtoto aliyepita miaka 2 hurefuka kwa kadiri ya sentimita 6 kwa mwaka, lakini mabega na kichwa hukua polepole. Sweta lililoanzia juu hufumuliwa ukingo wa chini na wa mikono tu, vitanzi vikaokotwa tena, ukaongeza urefu. Wekeni akiba ya robota moja la rangi ileile tangu siku ya kununua, kwa kuwa rangi ya mwaka ujao haitalingana. Kifuani ongezeni sentimita 8 hivi juu ya kipimo cha mwili, maana ndani yake kuna shati.

Mama wa Dar, nitumie vipimo vya watoto kwa ujumbe wa faragha: kifua, urefu kutoka bega hadi kiuno, na mzunguko wa kichwa cha mdogo. Nitakuandikia hesabu ya vitanzi vya kizibao cha pamba, umpelekee mama yako Lushoto. Rangi wachague watoto wenyewe.